Maji, Glaikoli na Kutu: Historia ya Mchanganyiko wa Rejeta

Takriban theluthi moja ya joto linalotokana na mafuta ndani ya injini ya gari huishia kwenye kuta za silinda na kwenye silinda hedi. Joto hilo lisipoondolewa, oili hupoteza utelezi, pistoni hutanuka na kukwama, na hedi hupinda. Maji ndiyo yaliyopewa kazi ya kulibeba tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna kimiminika kingine cha bei nafuu kinachobeba joto jingi kiasi hicho. Lakini maji yana kasoro tatu: huganda kwenye baridi, huchemka mapema, na huozesha chuma. Historia ya kile ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita kulanti ni historia ya kuzishughulikia kasoro hizo, na hazikushughulikiwa kwa pamoja. Baridi ilitangulia, kwa sababu magari yalizaliwa katika nchi za theluji. Ndiyo maana hadi leo watu wengi wa nchi za joto huamini kwamba kulanti haiwahusu.

Gari la Karl Benz, lililopewa hataza nchini Ujerumani tarehe 29 Januari 1886, halikuwa na rejeta. Lilikuwa na chombo cha maji juu ya silinda yake moja. Maji yalichemka, mvuke ukapaa, na dereva akaongeza mengine. Agosti 1888 Bertha Benz aliliendesha gari la aina hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, akiwa na wanawe Eugen na Richard, na njiani walilazimika kusimama tena na tena kutafuta maji. Gari lilikunywa maji mengi kuliko petroli.

Suluhisho lilikuwa kuyazungusha maji yaleyale badala ya kuyapoteza. Wilhelm Maybach, mhandisi wa kampuni ya Daimler, alilifikisha wazo hilo mbali katika Mercedes ya nguvu farasi 35, iliyokamilika mwishoni mwa mwaka 1900. Rejeta yake ilikuwa na vijibomba 8,070 vya mraba, kila kimoja na upana wa milimita 6, vilivyopangwa kama sega la nyuki na kupozwa kwa upepo wa mbele ya gari. Lita 9 za maji zikatosha. Rejeta za leo ni ndugu wa ile, ingawa shaba na lehemu vimeachia nafasi alumini na plastiki. Magari ya bei nafuu yalifuata kwa njia rahisi zaidi. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, baada ya matoleo yake ya mwanzo haikuwa na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda yenyewe juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka na kurudi kwenye injini. Mzunguko huo ulikuwa wa polepole, na ulikatika mara tu maji yalipopungua chini ya bomba la juu.

Kila majira ya baridi yalipofika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, maji hayo yaligeuka kuwa adui. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na nguvu ya kutanuka huko hupasua bloku ya injini iliyosubiwa kwa chuma. Wenye magari walifungua koki na kumwaga maji kila jioni, kisha asubuhi wakajaza maji ya moto. Wengine waliliweka gari kibandani hadi theluji ilipoyeyuka. Gari lilipokuwa chombo cha starehe, usumbufu huo ulivumilika. Lilipoanza kutumiwa na madaktari, posta na wafanyabiashara, haikuwezekana tena kulilaza miezi minne.

Vitu vingi vilijaribiwa ndani ya rejeta: chumvi ya kalsiamu, asali, maji ya sukari, mafuta ya taa. Chumvi ilizuia kuganda vizuri sana, lakini ilikula shaba, lehemu na chuma kwa kasi, na tone lake likidondokea plagi liliharibu umeme wake. Sukari na asali ziliacha utando mzito kwenye vijibomba. Mafuta ya taa yalilainisha na kuharibu mipira, na yangeweza kuwaka. Gliserini ilifaa zaidi, ila ilikuwa ghali, nzito, na ilipenya kwenye kila kiungo kilicholegea.

Kilichoshika soko kwa miongo miwili ni alkoholi, ama methanoli ama ethanoli iliyotiwa sumu isinywewe. Ilikuwa rahisi kupatikana na haikuozesha chuma kuliko maji. Tatizo lake lilikuwa kwenye namba mbili: methanoli huchemka kwa nyuzi 65 za Selsiasi na ethanoli kwa nyuzi 78, yaani zote mbili huondoka kabla maji hayajachemka. Dereva aliyetia alkoholi ya kutosha mwanzoni mwa Desemba angeweza kubaki na maji karibu matupu baada ya kupanda mlima mmoja mrefu, na asijue mpaka usiku wa baridi ulipopasua injini. Ilibidi kupima rejeta mara kwa mara kwa haidromita. Juu ya hayo, mvuke wa alkoholi huwaka moto.

Jibu lililodumu lilikuwa limekaa maabara kwa miaka 70. Mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz alitengeneza ethilini glaikoli mwaka 1856, kimiminika kizito, kisicho na rangi, chenye utamu. Hakikupata kazi ya maana hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipopungukiwa gliserini ya kutengenezea baruti na kukitumia badala yake. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha glaikoli kilijengwa mwaka 1925 huko South Charleston, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, na miaka miwili baadaye glaikoli ikaanza kuuzwa kwa wenye magari kwa jina la Prestone. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya alkoholi, na kwa miaka mingi vyote viwili viliuzwa bega kwa bega. Faida ya glaikoli ni kwamba huchemka kwa nyuzi 197. Iliyotiwa rejeta ilibaki rejeta. Kilichopotea kwa mvuke kilikuwa maji tu.

Hapa ndipo suala la kiasi lilipoanza, na tabia ya mchanganyiko huu inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu haiendi kama mtu anavyotarajia. Glaikoli tupu huganda kwa nyuzi 13 chini ya sifuri, baridi ambayo miji mingi ya Kanada huipata kila mwaka. Maji matupu huganda kwa sifuri. Vikichanganywa nusu kwa nusu, havigandi mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Molekuli za kila kimoja huzuia za mwenzake kujipanga na kuwa barafu, hivyo mchanganyiko huishinda baridi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Glaikoli ikifika karibu asilimia 70, kinga hufikia kilele chake, zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Ikizidi hapo, kinga huanza kupungua tena. Mwenye gari aliyedhani kwamba kutia glaikoli nyingi zaidi ni kulilinda gari zaidi alikuwa analirudisha kwenye hatari.

Upande wa joto mambo ni hivyo hivyo. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Kilo ya glaikoli inahitaji 2.4 tu. Glaikoli pia hupitisha joto kwa shida, na kwa uzito wake pampu huisukuma kwa taabu. Kila lita ya glaikoli inayochukua nafasi ya maji hupunguza uwezo wa rejeta kupoza. Nusu kwa nusu ni mapatano kati ya mahitaji yanayopingana: glaikoli ya kutosha kuzuia barafu na kuinua kiwango cha kuchemka, na maji ya kutosha kubeba joto.

Wahandisi wa ndege ndio waliolipia somo hilo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 walivutiwa na glaikoli tupu, kwa sababu injini ikiruhusiwa kuwa na joto la juu sana, rejeta yake inaweza kuwa ndogo, na rejeta ndogo haishiki upepo mwingi. Injini za mwanzo za Rolls-Royce Merlin zilipozwa kwa glaikoli tupu. Lakini glaikoli ya moto ilivuja kwenye viungo, ilikuwa hatari kwa moto, na silinda zilibaki na joto jingi kuliko zilivyopaswa. Baadaye Merlin zikahamia kwenye mchanganyiko wa maji asilimia 70 na glaikoli asilimia 30, ukiwa chini ya presha ili usichemke upesi. Ndege zenye injini hizo ziliruka angani kwenye baridi kali na zilihitaji kinga dhidi ya barafu. Hata hivyo, maji ndiyo yaliyorudishwa kuwa sehemu kubwa.

Presha hiyo ndiyo iliyokuja kubadili rejeta ya gari pia. Magari ya zamani yalikuwa na mfuniko uliofunika tu, wenye njia ya mvuke. Kuanzia miaka ya 1930, na kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mfuniko ulipata springi na vali. Springi huzuia mvuke kutoka mpaka presha ifike kiwango fulani, na vali ndogo ya pili huruhusu maji kurudi injini inapopoa. Mfuniko wa siku hizi wenye presha ya takriban ba 1 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20: mchanganyiko wa nusu kwa nusu, ambao ukiwa wazi huchemka kwa nyuzi 107 hivi, huvumilia mpaka karibu 130. Renault 4 ya mwaka 1961, gari lililokuja kufahamika pia katika barabara za Kenya, ilikwenda hatua moja mbele kwa kuwa na mfumo uliofungwa kabisa, wenye chupa ya kupokea maji yanayotanuka. Chupa ya namna hiyo imekuwa kawaida ya kila gari.

Kutu ilishughulikiwa mwisho, ingawa ndiyo inayoua rejeta nyingi zaidi. Glaikoli yenyewe si dawa ya kutu. Ikikaa kwenye joto pamoja na hewa huvunjika na kuwa asidi, na asidi hiyo hula metali zote. Kinga hutoka kwenye dawa zinazotiwa ndani ya glaikoli kiwandani, ambazo ni asilimia chache tu za ujazo wake. Mwaka 1959 Uingereza ilitoa viwango vitatu, BS 3150, BS 3151 na BS 3152, vilivyotofautiana kwa dawa hizo tu: kimoja kilitumia fosfeti, kingine benzoeti na nitraiti, cha tatu boraksi. Malori ya dizeli yalikuwa na ugonjwa wao wa pekee. Mtikisiko wa slivu za silinda huzua mapovu madogo upande wa maji, na mapovu hayo yanapopasuka hudonoa chuma kidogo kidogo mpaka tundu linatokeza ndani ya silinda na maji kuingia kwenye oili. Nitraiti iliyowekwa kwa kiasi sahihi huunda ngozi nyembamba juu ya chuma na kupunguza madhara hayo. Injini iliyotoboka hivyo haikukosa maji hata siku moja. Ilikosa dawa ndani ya maji.

Alumini ilipoingia kwenye hedi, bloku na rejeta, dawa za chuma hazikutosha, na silikati zikaongezwa. Hapo dunia ikagawanyika. Watengenezaji wa Ulaya waliziepuka fosfeti, kwa sababu maji magumu ya nchi nyingi za huko huungana na fosfeti na kuacha ukoko. Wajapani waliziepuka silikati kwa kuhofia sili za pampu ya maji, wakabaki na fosfeti. Wamarekani walitumia zote mbili. Miaka ya 1990 zilikuja asidi za kikaboni, ambazo hazitandi ngozi kila mahali bali hushika pale kutu inapotaka kuanza, na kwa hiyo hudumu: kulanti ya silikati ilitakiwa kubadilishwa kila miaka 2 hivi, ilhali ile ya General Motors iitwayo Dex-Cool, iliyoanza na magari ya toleo la 1996, ilitangazwa kwa miaka 5.

Rangi zilizoenea tangu hapo, kijani, buluu, nyekundu, waridi, chungwa, ni rangi za kutiwa tu. Hakuna sheria ya dunia inayofunga rangi fulani na dawa fulani, na viwanda viwili huweza kuuza vitu tofauti vyenye rangi moja. Kuchagua kulanti kwa kulinganisha rangi ni kosa la hatari, na limeenea mno. Kinachotambulisha ni maandishi ya kopo: aina ya dawa na kiwango cha mtengenezaji wa gari. Aina mbili zisizopatana zikichanganywa huweza kufutiana nguvu, na nyakati nyingine hufanya tope linaloziba vijibomba.

Utamu wa glaikoli umeleta misiba. Ikinywewa, ini huigeuza kuwa asidi zinazoharibu figo, na kiasi kidogo hutosha kumuua mtoto au mbwa. Oregon ilipitisha sheria mwaka 1991 ya kuitia dawa chungu iitwayo denatonia, na mwaka 2012 watengenezaji wa Marekani wakakubali kuitia kote nchini. Propilini glaikoli, ambayo ina sumu ndogo sana, hutumika badala yake pale ambapo hatari ya kunywewa ni kubwa. Kulanti iliyomwagwa gereji haistahili kuachwa kwenye beseni wazi wala kwenye chupa ya soda.

Afrika Mashariki ilipokea gari kabla ya kulanti. Katika nchi isiyo na theluji, kimiminika kilichotangazwa kama kinga ya barafu kilionekana ni gharama isiyo na sababu, na galoni la maji nyuma ya kiti likawa sehemu ya safari. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalishindwa na Volkswagen ya mgongo wa kobe mwaka 1954, 1957 na 1962, gari lisilo na rejeta kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa. Kisha Peugeot 404, yenye rejeta, ikayachukua mara nne kati ya 1963 na 1968. Gari la maji lingeweza kabisa kuimudu nchi hii, mradi mfumo wake uwe mzima.

Kwenye milima ndipo hesabu huonekana. Kwa kila mita 300 za mwinuko, kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa takriban nyuzi moja. Nairobi, iliyo karibu na mita 1,700 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ni karibu 91. Themostati, vali inayoachia maji kwenda kwenye rejeta, hufunguka katika magari mengi kati ya nyuzi 82 na 88. Gari lenye maji matupu na mfuniko uliolegea linabaki na nyuzi chache tu kati ya kufanya kazi vizuri na kuchemsha. Fundi anayeitoa themostati ili gari lipoe anaficha ugonjwa: injini hukaa baridi mno kwenye tambarare, hula mafuta na kusagika haraka, na mlimani huchemsha vilevile kama rejeta imeziba. Mfuniko mpya wa kiwango cha presha kilichoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, ni rahisi kuliko gasketi ya hedi.

Maji ya kuchanganyia yana umuhimu sawa na kulanti yenyewe. Maji ya visima vya mwambao yana chumvi, na chumvi hutoboa alumini hata palipo na dawa. Maji magumu, kama ya sehemu nyingi za Dodoma, huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na unene wa milimita moja tu hutosha kuzuia joto lisitoke kwenye chuma. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Si asidi ya betri, ambayo hukaa rafu hiyohiyo na huteketeza mfumo wote. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa safi, si kutoka bati lenye kutu, ni bora kuliko ya kisima.

Kuhusu kiasi, magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja na kulanti ambayo maelekezo yake ya kwao huruhusu asilimia 30 kwa mikoa ya joto na 50 kwa mikoa ya baridi. Dar es Salaam au Mombasa, ambako barafu haipo, asilimia 30 hadi 40 huacha maji mengi ya kubeba joto na bado huleta dawa ya kutu inayohitajika. Chini ya hapo dawa huwa nyepesi mno kulinda alumini. Nusu kwa nusu ni salama popote, na ndiyo inayofaa nyanda za juu kama Makete au Kinangop, ambako umande huganda baadhi ya alfajiri. Kulanti iliyochanganywa tayari kiwandani haiongezwi maji. Ile kali huchanganywa kwenye ndoo safi kabla ya kumiminwa, kwa kuwa ikitiwa peke yake rejeta iliyobaki na maji ya kusafishia, kipimo hakijulikani tena. Kama maji yamepungua kwa kuvuja, kinachoongezwa ni mchanganyiko wa kiasi kilekile. Kuongeza maji matupu kila wiki humaanisha kwamba baada ya miezi michache kilichobaki ni maji yenye rangi. Mfuniko hufunguliwa injini ikiwa imepoa, kwa sababu presha ikiondolewa ghafla mchanganyiko wa nyuzi 110 huchemka papo hapo na kumrukia anayeufungua.